Ukungu kwenye darubini: kuuzuia na kuuondoa, kuanzia Nakuru hadi ziwani Kisumu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru, gari limejaa wageni na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mmoja anasema kuna chui juu ya mgunga. Darubini zinainuliwa kwa pamoja, na kila mtu anaona weupe kama maziwa. Anayekimbilia ncha ya shati na kufuta kioo amekosea mara mbili: ukungu utarudi kabla hajahesabu hadi kumi, na vumbi lililokuwa juu ya lenzi limeshaacha mikwaruzo ambayo haitatoka tena.

Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo vioo vya kuonea mbali huku kwetu viko mikononi mwa waongoza watalii, askari wa wanyamapori, watazamaji ndege na watafiti. Mwongozo huu ni wao. Unahusu darubini ya macho mawili, na pia ile ndefu ya jicho moja inayosimamishwa kwenye miguu mitatu.

Kwa nini kioo kinashika ukungu

Hewa hubeba maji, na kadiri inavyokuwa na joto ndivyo inavyoweza kubeba mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 hubeba hadi gramu 30 hivi za mvuke. Ikiwa nyuzi 10, haiwezi kupita gramu 9 na kitu. Hewa yenye joto ikigusa kioo baridi inapoa, mzigo unaizidi nguvu, na maji yaliyozidi yanabaki juu ya kioo kwa vitone vidogo sana. Kila kitone hupindisha mwanga kivyake, ndiyo maana picha inageuka kuwa weupe.

Joto ambalo maji huanza kuiacha hewa ndilo kiwango cha umande. Chukua Kisumu jioni mvua inapokatika: joto nyuzi 24, unyevu asilimia 90. Hapo kiwango cha umande ni nyuzi 22. Darubini iliyoshinda kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 19 itapata ukungu mara inapovuka mlango, iwe ya bei gani. Watu wengi hununua darubini iliyojazwa gesi ya naitrojeni wakidhani wameachana na ukungu. Naitrojeni ni gesi kavu, nayo inalinda upande wa ndani peke yake. Kioo cha nje bado kinaishi kwenye hewa ile ile tunayovuta sisi.

Basi swali la kujiuliza kila wakati ni moja: je, kioo kina baridi kuliko hewa inayokigusa? Kama jibu ni ndiyo, ama kipe kioo muda wa kupata joto, ama izuie hiyo hewa isikifikie.

Kwanza jua ukungu uko upande gani

Kabla ya kufanya lolote, gusa kona ya lenzi kwa pembe ya kitambaa safi cha kufutia miwani. Pakitokea alama, ukungu uko nje na utaondoka. Pasipotokea kitu, washa tochi ndogo, imulike lenzi ya mbele kwa upande badala ya moja kwa moja, kisha tazama kwa kuinamisha darubini polepole. Ukungu wa ndani huonekana kama pazia lililo nyuma ya kioo, na mara nyingi huanzia ukingoni au hukaa juu ya prizimu, vile vipande vya kioo vya katikati vinavyogeuza picha isionekane juu chini.

Tazama pia ni lenzi ipi imeshikwa. Ikiwa ni za upande wa macho tu, chanzo ni pumzi yako au jasho la uso. Zikiwa zote, za mbele na za nyuma, darubini nzima ina baridi kuliko hewa ya pale ulipo. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa sababu dawa zake si moja.

Asubuhi za baridi: Nakuru, Elgon, Saiwa

Pumzi ya mtu hutoka ikiwa na joto la nyuzi 33 au 34, imejaa mvuke tele. Asubuhi ya Nakuru yenye nyuzi 11, pumzi moja tu inayopanda shavuni inatosha kufunika lenzi ya jicho. Aliyevaa barakoa au aliyejifunga skafu hadi puani anajiongezea taabu, maana pumzi yote inasukumwa juu kuelekea machoni.

Namna ya kutazama ndiyo kinga ya kwanza. Vuta pumzi, inua darubini, tazama, na ukitoa pumzi itoe kwa mdomo, mdomo wa chini ukiwa umerudi nyuma kidogo ili hewa iende chini kifuani. Usibandike vikombe vya mpira vya darubini machoni kama mtu anayeziba shimo. Acha mwanya mdogo upande wa masikio ili hewa ipite. Vikombe vya kuzungusha vitoe hadi ngazi ya katikati na uegemeze ukingo wa juu kwenye nyusi. Mwenye miwani huvikunja kabisa, lakini akumbuke kwamba miwani yake nayo ni kioo cha kushikwa ukungu, na mara nyingi ndiyo inayosingiziwa darubini.

Usitazame mfululizo kwa dakika tano. Jicho lenyewe lina unyevu na uso una joto, hivyo ile nafasi ndogo kati ya jicho na lenzi inageuka chumba cha mvuke. Shusha darubini kila baada ya nusu dakika, hata kwa sekunde mbili tu.

Kisha kuna suala la mahali pa kuibebea. Wengi huificha ndani ya koti isipate baridi, wakidhani wanaisaidia. Chini ya koti la mtu aliyepanda mlima kuna jasho, na jasho ni mvuke. Kioo baridi kikiingia humo, ule mvuke unatua juu yake. Ivae nje ya koti, kifuani, kwa mkanda wa mabegani usioiacha ibembee, na lenzi za macho zikiwa zimefunikwa kwa kile kifuniko kimoja kipana kinachopitishwa mkandani. Kifuniko hicho watu wengi hukitupa siku ya kwanza kwa kuona kinawachelewesha. Kitunze. Ukiwa unatembea, pumzi yako inapanda moja kwa moja kutoka puani na kutua juu ya lenzi zilizo wazi kifuani, na hicho ndicho kitu pekee kinachosimama katikati.

Ndani ya gari mambo ni mengine. Darubini iliyolala kwenye buti usiku kucha ina baridi ya usiku. Watu saba wakipanda na kufunga madirisha, hewa inajaa pumzi zao kwa dakika chache, na kioo baridi kinaanza kukusanya. Fungua dirisha moja la mbele na moja la nyuma vidole viwili hivi hata kama watu watalalamika baridi. Usielekeze hita moja kwa moja kwenye lenzi. Ukiwasha hita, iwashe pamoja na kiyoyozi, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa kabla haijapashwa joto. Dereva anayejua kusafisha kioo cha mbele cha gari kwa njia hiyo ameshajua nusu ya somo hili.

Pale Saiwa, karibu na Kitale, watu hukaa kwenye majukwaa ya mbao kungoja nzohe, yule swala wa kinamasi, atoke kwenye matete alfajiri. Hapo darubini ndefu huachwa imesimama muda mrefu chini ya anga wazi. Usiku usio na mawingu, kioo kinachotazama mbingu hupoteza joto hadi kikawa baridi kuliko hewa yenyewe, ndiyo sababu umande hulowesha kofia ya pikipiki iliyoachwa nje wakati ukuta wa nyumba ni mkavu. Vuta ile shingo ya kukinga jua iliyo mbele ya lenzi hadi mwisho wake. Kama haina, zungushia karatasi nene au kipande cha mkeka wa sponji, kitokeze mbele kwa sentimita 10 hadi 15. Unapongoja, ielekeze chini kidogo na ufunike lenzi zote mbili.

Kiyoyozi na joto la ziwani

Kisumu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130, na hewa yake imelowa ziwa. Anayekwenda Dunga kutafuta ndege wa mafunjo, au kupanda mtumbwi kuwatazama viboko, hasumbuliwi na pumzi. Anasumbuliwa na chumba cha hoteli na kiyoyozi cha gari.

Kama unalala kwenye kiyoyozi, kizime saa moja kabla ya kutoka na ufungue dirisha. Ukishindwa, iache darubini mahali pasipo na kiyoyozi, kama barazani palipo salama. Usiiweke karibu na bafu. Darubini ya kawaida ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, ikiwa na uzito wa gramu 650 hadi 800, inahitaji dakika 20 hadi 40 kufikia joto la nje. Ile ndefu yenye lenzi ya milimita 80 inaweza kuchukua saa nzima, kwa sababu kioo chake ni kinene na tumbo lake lina hewa nyingi.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuifunga kabla ya kubadilisha mazingira. Ukiwa bado ndani ya baridi, itie kwenye chombo kisichopitisha hewa, ukamue hewa iliyobaki, ufunge, halafu ndipo utoke. Umande utatua juu ya chombo, nayo darubini itapata joto taratibu ikiwa kavu. Fungua baada ya dakika 30 hadi 40, ukihisi kwa mkono kwamba chombo hakina tena ubaridi. Miongozo ya nchi za nje husema tumia mfuko wa plastiki wa kufungia chakula. Kwetu, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Tumia mfuko wa mabaharia unaokunjwa mdomoni na kubanwa, wa lita 5, au kisanduku cha chakula chenye mpira wa kuzibia kwenye kifuniko. Vyote viwili vinadumu miaka.

Hatua hii hii inamhusu anayeteremka kutoka Mau Summit na Kericho, ambako asubuhi ni baridi kali, akielekea Ahero na Kisumu. Mizigo ya buti inafika bado na baridi ya milimani. Ukisimama Ahero kutazama ndege wa mashamba ya mpunga na kutoa darubini papo hapo, utaona weupe. Kuanzia Kericho ihamishe kutoka kwenye buti hadi kitini, ndani ya mfuko wake, na uzime kiyoyozi mnapoanza kuona miwa.

Usiweke kwenye dashibodi juani ili ipate joto haraka. Dashibodi ya gari lililofungwa juani hupita nyuzi 60, na joto hilo hulainisha grisi ya gurudumu la kulenga hadi ikatiririka, na hulegeza gundi inayoshikilia prizimu.

Kuondoa ukungu bila kuharibu lenzi

Kama hakuna haraka, usifute. Inua darubini hewani, lenzi zikiwa wazi, uipepee taratibu au uishike upepo ulipo. Ukungu wa nje huondoka wenyewe kioo kikishapata joto. Viganja vinasaidia: shika mirija miwili kwa mikono yote, vidole vikiuzunguka ukingo wa lenzi bila kugusa kioo, kwa dakika mbili au tatu. Usiipulizie kwa mdomo, maana utakuwa unaongeza kile unachotaka kukiondoa.

Kama ni lazima kufuta, kumbuka kwanza aina ya vumbi letu. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na vumbi lake lina chembe za silika, kitu kile kile ambacho kioo kimeundwa nacho. Ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi, karibu na Elementaita, ni magamba ya vijimea vidogo vya majini yaliyojaa silika, na udongo wa aina hiyo hutumika duniani kung'arishia vitu kwa kuvisugua. Sasa fikiria unausugua juu ya lenzi iliyopakwa tabaka jembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Vumbi litoke kwanza, kufuta kuje baadaye.

Anza kwa kuielekeza lenzi chini na kupuliza kwa kipulizio cha mpira mara tano au sita. Fuata na brashi laini ya lenzi, ukifagia kutoka katikati kwenda ukingoni bila kukandamiza. Hapo ndipo kitambaa cha nyuzi laini kinaingia: kikunje mara nne, kigusishe juu ya kioo kinywe maji, kisha kizungushe mara moja kutoka katikati kwenda nje na ugeuze upande mkavu. Kitambaa kilicholowa hakifuti, kinasambaza. Beba vitambaa viwili, kimoja cha maji na kimoja cha kumalizia, kila kimoja kwenye mfuko wake, na usivitie mfukoni pamoja na funguo au mahindi ya kuchoma.

Mafuta ya vidole na ya ngozi huongeza ukungu, kwa sababu vitone hupata pa kushikilia na hukawia kukauka. Ndiyo maana lenzi iliyosafishwa vizuri jioni haishiki ukungu sana asubuhi. Weka tone moja la dawa ya kusafishia lenzi kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo, kwani tone likiteremka ukingoni linaweza kupenya kwenye kiungo. Epuka asetoni, petroli na dawa za kusafishia madirisha. Spiriti ya dukani nayo iache, huacha alama na hukausha mpira.

Sabuni, dawa ya meno na kiazi

Ushauri wa kienyeji ni mwingi, na baadhi yake una ukweli ndani. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ikipakwa kidogo na kufutwa karibu yote, inafanya maji yatandazike kama utando badala ya vitone, na utando hauzuii kuona. Dawa za dukani za kuzuia ukungu zinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kwenye miwani ya kawaida ni sawa. Kwenye darubini, lenzi nyingi za kisasa zimepakwa tabaka linalofukuza maji, na sabuni juu yake huacha michirizi inayopunguza ung'avu wa picha, hasa jua likiwa mbele yako. Tukilazimika tungeitumia kwenye lenzi za jicho tu: dawa iliyoandikwa kuwa salama kwa lenzi zilizopakwa, kiasi cha punje ya mchele kwa kila lenzi, ikifutwa hadi kioo kionekane kisafi. Kinga yake ni ya saa chache hadi siku moja au mbili. Lenzi za mbele ziache kabisa, hazipati pumzi.

Dawa ya meno isiguse darubini. Ndani yake mna unga wa kusugulia. Kiazi kinachopakwa kwenye kioo cha gari huacha wanga, na wanga ni chakula cha kuvu, adui tutakayemfikia mwishoni.

Ukungu ukiwa ndani

Hapa lazima ujue una darubini ya aina gani. Iliyozibwa huandikwa kuwa haiingii maji au imejazwa naitrojeni ama agoni, na mara nyingi ina alama ya IPX7, yaani ilipimwa ikiwa imezama mita 1 kwa dakika 30. Zile za bei ya chini, na nyingi za zamani zenye mabega mapana, hazikuzibwa, zinavuta hewa kila joto linapopanda na kushuka.

Isiyozibwa inaweza kukaushwa nyumbani, kwa subira. Unahitaji kisanduku cha lita 5 chenye kifuniko cha kubana, na gramu 200 hadi 250 za jeli ya silika, ile ya punje zinazovuta unyevu na kubadilika rangi.

1. Futa nje yote ikauke. Vua mkanda, vifuniko na mkoba wake. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Hewa yote ya kisanduku cha lita 5, hata ikiwa imejaa mvuke kwa nyuzi 30, ina maji yasiyofika hata gramu moja. Mkanda wa sponji uliolowa mvua ya Kakamega unaweza kuwa na makumi ya gramu. Ukiufungia humo, jeli itakausha mkanda na darubini ibaki ilivyo.

2. Mwaga jeli kwenye bakuli pana chini ya kisanduku, weka wavu au kijiti juu yake, na ulaze darubini bila kugusana na punje. Vumbi la jeli nalo linakwaruza.

3. Toa vikombe vya macho, geuza gurudumu la kulenga hadi lenzi zitoke nje kabisa. Usiendelee kuligeuzageuza.

4. Funga, weka kivulini, na usifungue kwa siku 3. Kila ukifungua kuchungulia unaingiza hewa mpya.

5. Jeli ikibadilika rangi, ya machungwa kuwa kijani au nyeupe, ya bluu kuwa waridi, iondoe na uweke kavu. Kwa kawaida kazi huisha kati ya siku 3 na 7.

Mchele haufai. Unavuta maji kidogo sana na unaacha unga. Vipaketi vya ndani ya maboksi ya viatu navyo, mara nyingi vimeshashiba kabla hujavipata. Usiweke darubini karibu na jiko la makaa, wala kwenye oveni: joto hugeuza maji kuwa mvuke bila kuyatoa nje, na mvuke ukipoa unatua kwenye kioo kingine kilicho ndani zaidi.

Jeli iliyoshiba hurudishwa kwa joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 2 hivi kwenye oveni. Pasipo na oveni, tumia sufuria kavu juu ya moto mdogo kabisa, ukikoroga mpaka rangi irudi, kisha mimina ingali moto kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Ukiizidishia moto, rangi inaungua na hutajua tena imekauka au la. Ile ya bluu ina kobalti, ni sumu, kwa hiyo sufuria yake isirudi kupikia ugali, na watoto wakae mbali.

Darubini iliyozibwa ikipata ukungu ndani, kisanduku hakitakufaa sana. Kama unyevu uliingia, mpira wa kuzibia, ambao mafundi huuita oringi, umechanika, umekauka au umehama, na gesi kavu imeshatoka. Sababu za kawaida ni kuanguka kwenye mwamba, kugeuza gurudumu la kulenga likiwa ndani ya maji au tope, na miaka mingi ya joto. Ikiwa bado ina dhamana, irudishe bila kuifungua, kwani skrubu moja ikiguswa dhamana inakwisha. Ikiwa haina, ipeleke kwa fundi wa kamera na darubini mwenye vifaa vya kubadilisha mpira, kuondoa hewa na kujaza gesi upya.

Kuna maduka ya matairi yanayojaza naitrojeni, na si ajabu mtu kufikiria kupitia hapo. Usifanye hivyo. Mpira wa darubini umeundwa kuzuia maji ya kina kifupi, si shinikizo la bomba la tairi, na gesi mpya juu ya mpira mbovu itatoka tena.

Usiifungue mwenyewe hata kama skrubu zinaonekana nyepesi. Prizimu zimepangwa kwa vipimo vya hali ya juu, na zikisogea kidogo tu macho mawili yanaona picha mbili, ubongo unahangaika kuziunganisha, na baada ya nusu saa kichwa kinauma. Kujua kama imeshasogea, lenga waya wa umeme au ukingo wa paa la bati ulio mbali, kisha isogeze darubini polepole kutoka machoni hadi sentimita 10 hivi. Mstari ukionekana umekatika, upande mmoja juu na mwingine chini, mirija hailingani.

Kuhifadhi, na habari ya kuvu

Ukungu ni kero ya dakika chache. Kuvu ni hasara ya kudumu. Kwenye nyumba za Kisumu, na zile zilizopakana na msitu wa Kakamega, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 hadi 70 kwa wiki nyingi, mbegu za kuvu zilizomo hewani huota juu ya lenzi. Huonekana kama utando wa buibui unaotambaa kutoka ukingoni. Kuvu hutoa asidi inayokula tabaka la lenzi na hatimaye kioo chenyewe, na hata ikifutwa, alama yake inabaki.

Mkoba wa ngozi uliokuja na darubini ni mzuri kwa safari, na ni mbaya kwa kabati. Ngozi hushika unyevu na huota kuvu yenyewe. Hifadhi darubini kwenye kile kisanduku chenye mpira, safari hii na gramu 50 tu za jeli na kipima unyevu kidogo, na usome kati ya asilimia 40 na 50. Chini ya 30 kwa miezi mingi, mpira na grisi hukauka. Usipopata kisanduku, iache kwenye rafu wazi chumbani penye mwanga na hewa, mbali na ukuta wa nje unaotoa jasho msimu wa mvua ndefu. Itoe na kuitumia walau mara moja kwa wiki, kwani inayosahauliwa gizani ndiyo inayooza.

Ukirudi kutoka mvuani, usiifunge kabatini siku hiyo hiyo. Suuza tope kwa maji safi kidogo ikiwa imezibwa, ifute, na uiache mezani vifuniko vikiwa wazi hadi asubuhi. Mkanda uanike kando.

Unaponunua ya mitumba

Omba kuijaribu kwa friji kabla ya kulipa. Ifunge kwenye mfuko mkavu, iweke upande wa kawaida wa friji, si ule wa kugandishia, kwa saa moja. Itoe, futa mara moja ukungu wa nje kwa kitambaa, na papo hapo mulika ndani kwa tochi ukipitia lenzi zote nne. Pazia likionekana nyuma ya kioo, kuna unyevu uliojificha, na muuzaji alikuonyesha mchana wa jua wakati hauonekani. Tafuta pia nyuzi za kuvu ukingoni, geuza gurudumu la kulenga usikie kama linakwaruza, na ufanye lile jaribio la ukingo wa paa. Ikishindwa kwenye friji lakini ikafaulu kwingine kote, na haikuzibwa tangu kiwandani, inaweza kuponywa kwa wiki moja ya jeli, kwa hiyo punguziwa bei na uichukue. Ikiwa imeandikwa kuwa haiingii maji na bado ina pazia ndani, mwachie mwenyewe.